Mstari wa Nne

1

Kishikwambi cha kliniki kilipolia saa tatu na robo asubuhi, Sista Naelijwa Mbwambo alikuwa ametia mdomoni nusu ya kiazi kitamu, na nusu ya pili ilikuwa njiani. Jana yake tu alikuwa amerudi kutoka likizo kwao Upareni. Begi lilikuwa halijafunguliwa, na miguu ilikuwa bado imevimba kwa safari. Alikitazama kishikwambi kile kwa jicho unalomtazamia mgeni aliyebisha hodi wakati wa kula.

"Habari za asubuhi, Muuguzi Mbwambo," ilisema sauti ya Mratibu, laini kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mteja wako Otmari Ngonyani amefikisha alama themanini na tisa. Hati ya Kulazwa kwa Lazima imeandaliwa. Gari limekwisha kuondoka Nyumba ya Utulivu na litamfikia baada ya saa moja na dakika hamsini. Je, una maoni?"

"Ninayo mengi," alisema Sista Naelijwa, kiazi kikimzuia, "ila hayafai kusikiwa na mashine."

Maana huyo Mratibu hakuwa mtu. Alikuwa akili ya kuundwa, na kila kliniki ya wagonjwa wa nje katika nyanda zile za juu ilikuwa naye, kuanzia mjini mpaka huku Mtitu kwenye miti ya misindano na baridi. Mgonjwa wa akili aliyeruhusiwa kuishi nyumbani alipandikizwa punje nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya ulezi, nayo ilisikiliza usiku na mchana: amelala saa ngapi, anasema kwa kasi gani, anakwenda wapi, moyo unadundaje. Ikajumlisha yote ikatoa alama. Chini ya hamsini, kunywa chai yako. Hamsini mpaka sabini na tisa, sista apige simu. Ikifika themanini, gari jeupe lisilo na dereva linateremka lenyewe kutoka hospitali ya mlimani, na akishaingia humo mtu haoni kwake kabla ya siku tisini. Si themanini na tisa. Tisini.

Tena tusiisingizie punje. Ilikuwa imeokoa watu wengi, na Sista Naelijwa alikuwa na umri wa kukumbuka enzi za kamba, ndugu wanaleta mgonjwa amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Hakuwa miongoni mwa wale wanaochukia kitu kwa sababu tu kinatumia betri.

"Nisomee sababu," alisema, akajifuta vidole.

"Katika saa arobaini na nane mteja amelala kwa saa tatu tu. Kasi ya maneno yake ni maradufu ya kawaida. Tangu jana jioni ametaja kifo mara mia moja na kumi na mbili. Amekuwa akimtukana mtu ambaye hajibu. Kwa sasa amevaa nguo zisizo zake, na yuko ndani ya shimo lenye kina cha futi sita."

"Shimo gani?"

"Ramani inaonesha eneo la makaburi."

Kiazi kilimkwama. Sista Naelijwa alijipiga kifua, akanywa chai ya moto bila kuhisi moto wake, akampigia simu Sevelina, mke wa Otmari.

"Sevelina! Mumeo yuko wapi?"

"Yuko kaburini, Sista."

"Mungu wangu! Anafanya nini kaburini?"

"Amelala humo. Amegoma kutoka mpaka aletewe ulanzi." Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanaangua kicheko. "Kwani hukusikia? Aa, ulikuwa likizo. Mzee Lusambi Kihwele alifariki juzi. Tunazika leo saa tano. Otmari ndiye mtani."

Sista Naelijwa alikaa chini taratibu, akashusha pumzi mpaka karatasi za mezani zikapepea. Utani! Kumbe utani.

Wangoni na Wahehe walipigana zamani hizo mpaka wakachoka, na walipochoka kuchinjana wakaona heri wachekane. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni ana kazi ya kufanya. Atavaa koti la marehemu. Atamtukana maiti waziwazi. Atalala kaburini kabla ya mwenye kaburi, na wafiwa watacheka machozi yakiwatoka, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Sasa chukua mambo yote hayo, mwekee msikilizaji asiyewahi kufiwa, uone atakupa alama ngapi.

"Mratibu, unajua utani?"

"Utani: mzaha kati ya watu au makabila. Dalili inayohusiana: mzaha uliopitiliza. Je, niongeze kwenye faili?"

"Acha kama ulivyo. Asiyejua maana haambiwi maana."

2

Ingekuwa hii ni hadithi ya mashine jinga na watu werevu, ingeishia hapo. Sista angebonyeza kitufe, gari lingegeuza, tukaenda zetu msibani kula ugali. Lakini Sista Naelijwa hakubonyeza. Alikaa akivitazama vitufe vitatu vilivyokuwa vikiwakawaka kwenye kioo.

Chekundu kiliandikwa PELEKA. Cha kijani, RUDISHA. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, HIARI, na katika miaka kumi na mmoja ya kazi hakuwahi kukigusa. Sharti lake lilikuwa mgonjwa mwenyewe aombe, kwa kinywa chake, baada ya hati ya lazima kukataliwa. Sasa nani, akishanusurika na gari, atageuka aliombe?

Chekundu au cha kijani, basi. Na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni, kwa sababu cha kijani alikwisha kukibonyeza siku moja.

Miaka miwili nyuma Otmari alifikisha alama themanini na mbili. Alikuwa fundi wa droni za kuchavushia parachichi, fundi hasa, mwenye vidole vya kutengeneza hata saa ya inzi. Sista Naelijwa alimpenda kama mdogo wake, akasema tumpe siku moja zaidi. Kesho yake Otmari alipanda juu ya tangi la maji la kata, akawatangazia watu wa sokoni kwamba anaruka kwenda Songea bila droni wala nauli, na kweli akaruka. Mungu si Athumani, aliangukia lundo la mabua ya mahindi, akavunjika mguu badala ya shingo. Mpaka leo anachechemea, na kila anapochechemea kuingia kliniki Sista Naelijwa huona aibu ya kutaka kujificha kabatini.

Upande wa pili nao ulikuwa na miiba. Zile siku tisini alizolazwa baada ya kuruka zilimpotezea Otmari kazi, na zikamrudisha Sevelina kwa mama yake. Mama huyo, Bi Sekalinga, ndiye aliyeweka dole gumba mkwewe apelekwe, tena aliapa mbele ya watu: "Nimemrudisha binti yangu mara moja. Siku gari jeupe likimchukua tena mume wake, nitamchukua tena mwanangu, na safari hiyo harudi." Na Sevelina sasa ana mimba ya miezi sita.

Akipeleka mtu mzima, anavunja nyumba. Akimwacha mtu mgonjwa, huenda tangi la maji linamngoja. Na baya kuliko yote, huenda yote mawili ni kweli. Mtu anaweza kuwa mtani hodari na huku homa ya kichwa inaanza kumpanda chini kwa chini. Kukesha msibani kunamtosha hata asiye na historia.

Aliinuka akafungua kabati la chuma, akatoa karatasi iliyoanza kupauka. Ilikuwa Wosia wa Siku Njema. Kila mgonjwa, akiwa mzima na akili zake, aliandika mwenyewe afanyiwe nini siku akili zitakapomtoroka. Otmari aliandika mistari minne kwa mwandiko wa kifundi, ulionyooka kama nyaya:

Nikiacha kulala, nileteni.
Nikianza kununua vitu viwili viwili, nileteni.
Nikisema niko mzima kuliko siku zote, msiniamini, nileteni.
Nikimtania mama mkwe, msiulize swali jingine.

"Mratibu, nisomee wosia wa Otmari ulionao."

Akasoma mistari mitatu, akaishia hapo.

"Na wa nne?"

"Mstari wa nne uliondolewa wakati wa kuingiza taarifa. Sababu: haupimiki."

Sista Naelijwa alicheka peke yake kama mwehu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hawa waliotengeneza Mratibu bila shaka walinyoa! Maana yeye aliukumbuka vizuri mstari ule ulikotoka. Siku moja kabla ya tangi, watu wakitoka kanisani, Otmari alimkamata Bi Sekalinga mkono, akamchezesha mduara mbele ya padri na kumwita mchumba. Mama mkwe! Ambaye Otmari akiwa na akili zake timamu hapiti naye njia moja, akimwona anatokea huku yeye anaingia kwenye mahindi kule. Bi Sekalinga ni Mhehe, kweli, na Wahehe wote ni watani wa Otmari. Wote isipokuwa yeye, kwa kuwa ukwe unashinda utani.

Utani una ukuta wake. Akili ikianza kuondoka, cha kwanza kubomoka ni ukuta huo.

Sista alivaa koti, akafunga nusu ya kiazi kwenye leso akaitia mfukoni, akatoka mbio kwenda kuwasha pikipiki yake ya umeme, ambayo kwa ukaidi wake aliiita Punda.

3

Punda aligoma mara mbili kwenye kilima, kwa hiyo Sista alipofika makaburini zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano.

Ukungu ulikuwa bado umekalia misindano. Wanawake waliojifunga vitenge juu ya masweta walikuwa wanapika maharage kwenye masufuria makubwa. Wanaume walilizunguka kaburi, na kutoka ndani ya kaburi ilikuwa inatoka sauti ya Otmari.

"Nyie Wahehe! Hili ni kaburi au shimo la kupandia mgomba? Mzee wa watu alikuwa na miguu mirefu, mnataka alale amejikunja kama mwizi?"

"Toka humo, Mngoni wewe!" alipiga kelele mjane wa Mzee Lusambi, akicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Unamchafulia mume wangu kitanda!"

"Sitoki! Tulipatana mimi na yeye, atakayetangulia mwenzake amjaribishie kitanda. Nimejaribu. Upande wa kichwa kuna jiwe. Leteni sururu! Na ulanzi leteni, ule aliougema mwenyewe kwenye mianzi yake, si huu wenu mliotia maji ya bomba. Halafu waambieni mbwa wa Mtitu wapunguze shangwe. Tangu juzi wanacheza ngoma kwamba adui aliyekuwa akiwatafuna kaondoka!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Sista Naelijwa alisogea akachungulia. Otmari alikuwa amejilaza chali katika udongo mwekundu, amevaa koti kubwa la Mzee Lusambi na kofia yake ya manyoya. Macho yalikuwa mekundu. Mikono ilikuwa haitulii. Maneno yalikuwa yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kisha kicheko kilipopungua kidogo, alisema kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya watu, "Lusambi, ndugu yangu. Sasa nani atanitukana?"

Sista Naelijwa aliwahi kuwaona wagonjwa wengi wakipandwa na ugonjwa, na aliwahi kuwaona wafiwa wengi, na kwa mtu yule mle shimoni hakuweza kabisa kusema anamwona yupi.

"Alama tisini na moja," alisema Mratibu kupitia kifaa cha sikioni mwake. "Mteja amezungumza na mtu ambaye hayupo."

"Yupo," alinong'ona Sista. "Yuko kwenye jeneza, pale pembeni."

Bi Sekalinga alikuwa ameketi mbali, nyuma ya majiko, kaburi amelipa mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Pale alipo mkwe, yeye alijitenga. Ndivyo alivyolelewa, naye alikuwa na miaka sabini na mbili ya kuizoea mila hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sista." Hakuinua macho. "Umekuja na lile gari lako?"

"Gari linakuja lenyewe, mama. Mimi nimelitangulia."

Ungo ulisimama. Sista alichuchumaa, akamweleza kila kitu: alama, dakika, tangi la maji, mstari wa nne. Hakumficha neno. Mwishoni alisema, "Naomba usogee kaburini, mama. Usimame tu pale ukingoni akuone."

"Mimi? Na mkwe wangu yumo?"

"Kwa kuwa yumo."

Bi Sekalinga aliinua macho. "Unataka kunifanya mimi kipimo."

"Ndiyo, mama. Sina kingine."

"Mara ile nilikaa ndani mwezi mzima kwa aibu. Kanisani nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma. Na akinivunjia heshima tena leo, mbele ya maiti?"

"Basi nitabonyeza chekundu, aibu yako itakuwa juu yangu, na nitakuja kwako kupiga magoti. Ukikataa, sitakulaumu hata kidogo."

Sista Naelijwa alisema hivyo na huku moyo unamuuma. Alijua anachokiomba. Alikuwa anaichukua heshima ya mama mzima na kuitumbukiza shimoni ili aone kama italowa.

Bi Sekalinga aliweka ungo chini. Alijifuta pumba za mchele mikononi, akajifunga kitenge upya, akakaza fundo.

"Heshima si utumwa," alisema. "Hebu nipishe."

4

Watu walimwona anakuja, mmoja mmoja wakaanza kunyamaza. Sevelina, aliyekuwa amesimama na wafiwa, aliweka mkono juu ya tumbo. Chini shimoni Otmari hakujua lolote. Alikuwa amesimama, mgongo kwao, akiupima udongo kwa kijiti na kuwasimanga wachimbaji. Aligeuka, na kutoka kule chini akaona tu pindo la kitenge na visigino viwili kwenye ukingo.

"Ahaa! Na huyu Mhehe mwenye visigino vya kukwangulia sufuria ni n..."

Macho yake yakapanda. Sista Naelijwa alikuwa ameshika kishikwambi, kidole kikiwa nusu inchi juu ya chekundu.

Otmari alivua kofia. Aliivua haraka, kama mtu aliyeingia kanisani amejisahau. Akachuchumaa, akaugeuzia uso ukuta wa kaburi, na mabega yote mawili yakaingia ndani ya koti la marehemu mpaka zikabaki nywele tu.

"Kamwene, mama," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, ungedhani ametoka mtu mmoja akaingia mwingine.

"Kamwene, mkwe," alijibu Bi Sekalinga, naye akitazama misindano. "Ulanzi unaletwa. Unywe kidogo, maana unatumia dawa."

"Asante, mama."

"Na hilo jiwe la kichwani litolewe. Mzee alikuwa anasumbuliwa na shingo."

"Ndiyo, mama."

Bi Sekalinga aligeuka akaondoka kwa hatua zake za taratibu. Alipofika karibu na majiko, sauti ililipuka kutoka shimoni:

"Jamani! Mngenipa hata ishara! Mnataka mzike wawili leo?"

Hapo msiba ulivunjika mbavu. Mjane wa Mzee Lusambi alikaa chini kabisa, hoi. Sista Naelijwa alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na alipoinama kuiokota akakuta analia, tena analia kwa furaha, wala hakuona haya. Akabonyeza kijani kwa dole gumba lote.

"Taja sababu ya kukataa hati," alisema Mratibu.

"Amemheshimu mkwe."

"Sababu haitambuliki."

Sista alivuta pumzi. "Mteja ametambua mipaka ya kijamii na kujizuia papo hapo ilipohitajika."

"Sababu imekubaliwa."

"Ndicho nilichosema!"

"Inahitajika alama ya dole gumba ya ndugu aliyeidhinisha kulazwa kwa mara ya mwisho."

Wakati huohuo gari jeupe lilitokeza kwenye misindano, likaja bila sauti mpaka kando ya majiko, mlango ukajifungua wenyewe. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa shuka safi. "Ndugu Otmari Ngonyani, karibu," lilisema kwa sauti ileile laini, na vicheko vyote vikakatika. Sevelina alishika mkono wa mjane.

Sista Naelijwa alimpelekea Bi Sekalinga kishikwambi, akakishika mbele yake kwa mikono miwili. Kikongwe aliweka dole. Kikakataa, pumba za mchele zilikuwa zimejaa kwenye kidole. Alilitia dole mdomoni, akalifuta kwenye kitenge, akaliweka tena.

"Mara ile niliweka nikilia," alisema. "Leo naweka nikicheka, na maiti haijazikwa. Mungu anisamehe."

Kijani kikawaka.

5

Wakamzika Mzee Lusambi saa tano na nusu. Otmari alipanda kutoka kaburini, akashika kamba ya upande wa kichwa, na jeneza lilipoteremka utani wote ulimwishia. Alilia kama anavyolia mtu yeyote aliyefiwa na rafiki.

Gari lilikuwa bado limesimama, maana watani walikuwa wamelifunga majani ya mgomba na Mngoni mmoja amekaa juu ya boneti, akisema haliondoki Mtitu mpaka litoe jogoo. Gari liliomba radhi kila baada ya nusu dakika.

Otmari alikuja akichechemea, kofia mkononi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Leo umenipandisha presha, mwanaume wewe."

"Mstari wa nne, siyo?"

"Wa nne."

Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akatazama viatu vyake vilivyojaa udongo mwekundu. "Lakini, Sista, na wa kwanza niliuandika mimi."

Sista Naelijwa alishusha kishikwambi.

"Siku mbili sijalala. Wenzangu walikuwa wanasinzia kwa zamu, mimi usingizi hauji. Tangu alfajiri kichwa kimeanza kuimba. Kinaimba polepole, bado nakimudu. Leo ukuta upo, umeuona mwenyewe. Kesho sikuahidi." Akaelekeza kidevu kwenye gari. "Humo ndani kuna kitanda?"

"Kipo."

"Siku tisini siendi, Sista. Mwanangu atazaliwa sipo. Ila nataka kulala. Nyumbani kumejaa wageni, na hapa kila mtu ananingoja nichekeshe."

Mtu ambaye dakika chache tu zilizopita ameponyoka, anarudi kwa miguu yake kuliomba gari! Sista Naelijwa alikitazama kile kitufe cha kijivu kama mtu aliyekuta chumba ndani ya nyumba aliyoishi miaka kumi na mmoja. Akakibonyeza.

"Hiari," alisema Mratibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisitasita. "Mteja aseme mwenyewe: wapi, na kwa muda gani."

"Hapa hapa," alisema Otmari. "Mpaka niamke."

Kioo cha kishikwambi kikazima, kikawaka tena.

"Ombi limepokewa. Ni la kwanza la aina yake katika kanda hii. Gari la kulazia litabaki mahali lilipo. Tafadhali weka dole."

Otmari akaweka. Sista alimpa vidonge viwili vya usingizi na maji ya kunywa. Otmari alivua viatu akavipanga nje ya mlango, akapanda kitandani na koti la Mzee Lusambi mwilini, na kabla Sista hajamfunika shuka alikuwa anakoroma.

Alama zikaanza kuteremka: themanini na nane, themanini na moja, sabini na sita. Sista Naelijwa aliketi kwenye tandiko la Punda, akakumbuka leso mfukoni, akala nusu yake ya kiazi, baridi na tamu.

Wangoni walipoona mwenzao amelala, wakaanza. "Ee! Mhehe kafa, Mngoni kazimia! Leteni jeneza la pili!" Kicheko kikapanda tena, masufuria yakagongwa, mmoja akatafuta ngoma.

Bi Sekalinga alitoka kwenye majiko na kigoda chake. Alikipeleka mpaka kwenye mlango wa gari, akakiweka, akaketi, mgongo ameuelekeza ndani kama inavyopasa, uso kwa watu. Aliweka ungo magotini.

"Nyamazeni," aliwaambia watani, Wangoni kwa Wahehe. "Mkwe wangu amelala."